Vidonge vya Bi Mkubwa, Dripu ya Bi Mdogo

Mama Verediana, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Kasulu, naomba unisaidie kabla ya Jumatatu, na jina langu usilitaje, maana mji huu tunajuana mpaka rangi za kanga.

Mimi ni mke mkubwa wa mfanyabiashara wa vitenge hapa sokoni, tumwite Baba Tunu, na mke mwenzangu mdogo anaitwa Nasma, na kabla hujatufikiria vibaya nikuambie kwamba mume wetu ni mwadilifu kupita kiasi, akininunulia mimi beseni jekundu na Nasma analo jekundu, masika yakianza anakuja na miavuli miwili ya maua yaleyale, nyama anaipima kwenye mizani ndipo atugawie, kwa hiyo miaka kumi na minne tumeishi bila ugomvi, ukiacha mambo madogo madogo ambayo si ya gazetini.

Mwaka jana nikagusa uvimbe kwenye titi la kushoto, nikaogopa kwenda peke yangu, Nasma akanisindikiza kwa Daktari Didas wa hapa mjini, na yeye akapimwa hapohapo kwa sababu tu alikuwepo, akakutwa nao. Majirani wakasema tumerogana. Tukapelekwa Mwanza wote wawili, tukafanyiwa upasuaji, vinyama vikaenda maabara, na majibu yaliporudi ndipo nyumba yetu ilipoharibika, kwa sababu mimi niliandikiwa kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano, basi, rudi Kasulu, na Nasma akaandikiwa dripu, Mwanza kila baada ya wiki tatu, tena na msindikizaji.

Baba Tunu naye hakuridhika, akamwambia daktari, "Dokta, mimi dini yangu inanitaka niwape sawa. Huyu naye mtundikie hata nusu chupa." Daktari Didas akacheka mpaka akavua miwani, akasema, "Mzee wangu, usawa wako uishie kwenye vitenge. Hizi saratani ni mbili na hazifanani, kila moja ina dawa yake."

Sasa Mama, nisikilize. Kila wiki ya tatu naliangalia basi la alfajiri linaondoka na mume wangu na Nasma, wamekaa siti za pamoja, huko wanalala gesti, wanakula sato wa ziwani, Nasma anarudi na kilemba kipya, mtaa mzima unakuja kumpa pole na mikungu ya ndizi, na mimi mwenye kidonge hakuna anayeniuliza hali kwa sababu nywele zangu ziko kichwani. Nikasema moyoni, hiki kidonge kikishindwa, na mimi nitapandishwa kwenye dripu. Basi nimeacha kukimeza, huu mwezi wa pili, nakiweka chini ya ulimi, nakunywa maji, nikigeuka nakitemea kwenye kopo la kahawa. Na anayeniletea maji hayo kila asubuhi ni Nasma mwenyewe, ananiuliza, "Dada, umekunywa dawa?" na mimi namjibu nimekunywa. Naona aibu kuandika hili lakini nimeshaandika.

Juzi akalifungua lile kopo akitaka kutuchemshia kahawa. Hakupiga kelele wala hakumwambia mume, alikaa tu sakafuni jikoni akasema, "Dada, mimi ningepewa hivi ningevitafuna kama karanga. Nimechoka. Tubadilishane. Jumatatu panda basi wewe na Baba Tunu, uchukue kadi yangu, mimi nibaki na vidonge. Tutamwambia Baba Tunu kwamba dokta kapiga simu, kasema sasa iwe zamu kwa zamu." Nikakubali, ila kabla ya kupanda basi nimeona nikuulize wewe. Hebu niambie, ugonjwa si mmoja? Titi si titi? Tukibadilishana kuna ubaya gani? Nasma yuko hapa pembeni, anasema nisisahau kukuuliza kama hivyo vidonge vinaotesha nywele.

Ni mimi, Bi Mkubwa wa Kasulu.

MAMA VEREDIANA ANAJIBU

Marahaba, Bi Mkubwa. Nimemsumbua mhariri mpaka akaichapa barua yako kabla ya za wenzako, kwa hiyo usinipotezee bidii yangu. Nilikuwa muuguzi Kibondo karibu miaka thelathini kabla ya kushika kalamu hii, na wivu nimeuona wa kila aina: wa kitenge, wa kitanda, wa mtoto kufaulu. Mtu kuionea wivu dripu ya saratani, hilo umenifundisha wewe.

Nianze na swali lako, maana ndilo linaloweza kuwaua. Ugonjwa si mmoja. Jina ni moja. Kile kinyama walichokipeleka maabara hakikwenda kutembea, kilikwenda kuulizwa kinaishi kwa kula nini. Chako kilijibu kwamba kinakula homoni za mwili wako. Uvimbe ulitolewa, lakini huenda kuna mabaki madogo ambayo jicho la daktari haliyaoni, na kidonge kazi yake ni kuyafungia jiko yasipate chakula. Wewe kwa mkono wako umelifungua hilo jiko miezi miwili, ukidhani unamkomoa Nasma.

Na uvimbe wa Nasma haukuwa unakula kwenye jiko hilo. Akimeza vidonge vyako vyote na kopo lake, vitapita tu, huku saratani yake ikiendelea na shughuli zake. Halafu wewe ukafike Mwanza na kadi ya mtu mwenye kipara, nywele umesuka! Wauguzi wa kule si vipofu, dada yangu. Utarudishwa na aibu yako, na Nasma atakuwa amekosa dawa.

Zamani ulichokitaka ndicho kilichokuwepo. Wanawake wengi sana walitundikiwa dawa zilezile kali, anayezihitaji na asiyezihitaji, wote wakatapika sawasawa kama mnavyogawiwa nyama. Watafiti wamehangaika miaka mingi kujua nani anafaidika na nini, na mpaka leo wanaendelea kutafuta ni nani anaweza kupunguziwa dripu bila kudhurika. Vipimo vingine vipya bado havijafika huku kwetu milimani. Hicho kimoja cha maabara kimekufikia, kimekuepusha na dripu, na wewe unalia umepunjwa!

Eti kidonge kikishindwa utapandishwa. Mgonjwa hapandishwi cheo. Saratani ikirudi, mara nyingi hurudi na hali ngumu kuliko ya kwanza.

Sasa tuseme ukweli mimi na wewe. Hutaki dripu. Unamtaka mume wako kwenye siti ya pembeni, na unataka mtu akuulize umeamkaje. Wewe pia ulipasuliwa, wewe pia unaogopa, na hakuna aliyekuletea hata ndizi moja. Hapo nakuhurumia kwa dhati, na Baba Tunu namlaumu, maana amejua kupima nyama akasahau kupima maneno. Lakini hilo linadaiwa kwa mdomo, halidaiwi kwa kutema dawa.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo hii, kabla sokoni hakujafungwa, panda bodaboda uende kwa Daktari Didas na lile kopo. Mweleze ni lini uliacha na kwa nini, acha akucheke, kisha ufuate atakavyosema. Usije ukavimeza ulivyovitema kwa pamoja ili kufidia, nakujua. Ukirudi mkalishe mume wako umwambie yote, na umwambie kwamba wewe nawe ni mgonjwa.

Nasma, najua unasoma huku umeegemea bega la mwenzio. Pole, mwanangu, dripu inachosha, nimeiona. Mwambie daktari jinsi unavyojisikia, zipo dawa za kutuliza kutapika, lakini usikose hata safari moja. Na hapana, vidonge havioteshi nywele. Nywele huota zenyewe, dripu zikiisha.

Jumatatu basi lisiondoke bila Nasma. Ila msindikizaji, Bi Mkubwa, daktari akishakuruhusu, uwe wewe. Baba Tunu abaki auze vitenge na ajipikie. Mwanza utaiona, sato utamla, gesti utalala. Na ubebe lile beseni lako jekundu, maana wakati wa kurudi, kuanzia Geita mpaka Kibondo utamshikia Nasma akitapika, na ukifika Kasulu hutaionea wivu tena safari hiyo.

Na daktari akishakurudisha kwenye vidonge, asubuhi Nasma akija na kikombe cha maji akakuuliza, "Dada, umekunywa dawa?" usimjibu kitu. Meza, fungua mdomo, mwonyeshe mpaka chini ya ulimi.