Mwigizaji Aliyempa Hakimu Mgongo

Mjukuu wangu Ezekia, mume wangu,

Huku Mbozi hatujambo. Mama yako anaanika kahawa, na mgongo wangu umetulia kidogo. Umeuliza mwongozaji wa maigizo afanye nini na mwigizaji mkaidi. Mimi chuo hicho chako sijasoma, ila nilipokuwa msichana niliwahi kuongoza igizo la kanisani.

Mzee Yona, jirani yetu, aliigiza hakimu. Tabia, binti wa rika langu, aliigiza mjane anayemlilia hakimu huyo. Wiki nzima walifanya vizuri. Jumamosi Tabia akaingia amempa hakimu mgongo. Nikamwambia amtazame, akainamisha kichwa. Nikamfokea mbele ya watu kwamba anatuharibia mchezo. Akatoka analia.

Mzee Yona akaniambia taratibu, "Mwanangu, jana tumepeleka kwao posa ya kijana wangu, wamepokea. Yule sasa ni mkwe wangu. Atanitazamaje usoni?"

Mila hiyo, kwamba mkwe hamtazami baba mkwe usoni, naijua tangu utoto. Kuuliza tu ndiko kulikonishinda. Nilimfuata Tabia kwao, nikamwomba radhi. Siku ya mchezo alilia akiwatazama watu, hakimu yuko nyuma yake, na kanisa zima likalia naye.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mume wangu. Umeandika yote uliyomwambia yule mwigizaji wako mkaidi, binti wa darasani kwenu. Alichokujibu sijakiona.

Ni mimi bibi yako, ninayekuombea.