Redio Iliyokula Mawe

Kitaji, Musoma
Jumanne, 6 Julai 1976

Dada Nyangi, shikamoo.

Katibu wa kijiji chenu, Ndugu Mseti, ameniambia leo saa mbili asubuhi hapa Mwigobero, alikokuja kununua dagaa, kwamba shemeji Silasi amekubali kula kiapo cha kulamba udongo Jumamosi mbele ya mkutano wa kijiji. Nilimwuliza kama amesikia kwa masikio yake au ameambiwa. Alisema amesikia mwenyewe, nyumbani kwenu, nawe ulikuwapo ukichambua mchicha na hukuinua uso. Unisamehe kwa kuitanguliza habari hii mbele ya salamu.

Sisi hapa hatujambo. Petronila homa imemwachia, anakusalimu, na anauliza kama mgongo wako umepata nafuu baada ya kuvuna pamba. Watoto wanasoma. Ziwa limetulia na samaki wapo, ila sabuni ndiyo imeadimika. Barua hii anakuletea Apolinary, fundi umeme wa kiwanda cha pamba hapo Bunda. Isome mwenyewe. Cheti cha elimu ya watu wazima unacho, na ingawa ni ndefu, usimpe mtu akusomee.

Mambo ya redio ya kijiji unayajua kuliko mimi, lakini niruhusu niyaandike tangu mwanzo. Kazi ya gazeti imenizoesha kupanga mambo kwa tarehe, na nikiacha tarehe nitajificha ndani yake.

Novemba mwaka jana Mseti aliniletea redio ile ikiwa bubu. Nyote mnajua kwamba mimi ni mwandishi kwa mshahara na fundi wa redio kwa mapenzi, hapa hapa mezani kwangu, jioni nikitoka kazini. Transista moja ilikuwa imeungua. Nikaweka nyingine, redio ikasema, nikairudisha. Mwezi mmoja baadaye mawe yake ya betri yaliyokuwa yanadumu miezi miwili yakawa yanakwisha kwa siku tisa, na sauti ikawa na mikwaruzo. Mawe yenyewe yanaletwa kwa kibali, na ufunguo wa kabati la redio alikuwa nao shemeji peke yake. Basi kijiji kikapata jibu kabla ya kuuliza.

Januari niliitwa kama shahidi fundi. Bado nausikia mkutano ule. Makongoro, yule mpwa wa mwenyekiti, alisema kwamba mzee wa kanisa analala na redio ya umma chini ya blanketi anasikiliza dansi, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Shemeji alisimama akasema neno moja la maana siku ile, nami ndiye niliyelipuuza. Alisema mawe hukwisha haraka zile siku wanapounganisha waya mrefu wa spika ya nje, ile iliyofungwa juu ya mlingoti wa bendera. Nilimjibu mbele ya watu kwamba waya si mdomo, hauli. Wakacheka tena. Nikaufungua waya ule, nikaiweka redio mezani ofisini na spika yake ndogo, nikapima, nikatangaza kwamba redio ni nzima na anayekula mawe ni mtu.

Wazee wakataka tule kiapo wote wawili. Mimi nikalamba udongo bila kusita, maana kwangu ulikuwa udongo tu. Shemeji akasema kanisa lake linamkataza kuapa kwa kitu chochote, ndiyo yake ni ndiyo. Mzee mmoja akasema mtu safi haogopi udongo, sote tutaulalia. Hapo kesi ikaisha. Alinyang'anywa ufunguo, halafu akanyang'anywa na mizani ya pamba, kwamba asiyeaminika kwa mawe ya redio hawezi kuaminika kwa jasho la wakulima. Mimi nikasifiwa. Walisema, huyu mwandishi ni mtu kweli, hata shemeji yake hamfichi. Nilirudi Musoma nimekaa mbele kwenye lori la kijiji, na zawadi ya jogoo miguuni.

Ufunguo akapewa Makongoro. Mawe yakaendelea kukwisha kwa siku tisa. Ungedhani watu wangejiuliza. Kamati ikasema Silasi amechonga ufunguo wa pili.

Machi Mseti alinijia faragha. Alisema moyo wake hautulii, akauliza kama kuna chombo cha kuona umeme wenyewe na siyo kuupima kwa mshale tu. Nilimwambia kipo, mashine yenye kioo ambamo umeme unajichora kwa mstari wa kijani, wataalamu huiita oskiloskopu, na kwamba kwa miaka mingi nimeitamani kwa ajili ya kazi zangu za nyumbani. Kuagiza mpya hakukuwezekana, hakuna fedha za kigeni, na hata zingekuwapo nisingeimudu. Nikaahidi kutafuta iliyotumika. Nilitafuta Machi yote, na niliyoyaona yalinitia kinyaa.

Ya kwanza nilionyeshwa hapa Musoma na bwana mmoja wa ofisi ambayo sitaitaja. Alinipeleka nyumbani kwake saa za kazi, akavuta mashine kutoka uvunguni. Ilikuwa nzuri, karibu mpya. Ubavuni palikuwa na namba ya serikali iliyokwanguliwa kwa wembe, vumbi la rangi bado limelala kwenye kishikio. Alisema hii imekufa kwenye vitabu, Ndugu mwandishi, wewe unazika tu. Mkononi alikuwa bado na harufu ya mafuta ya sambusa. Nilitoka bila kunywa chai yake, nikajiona mtu mwema kwa wiki nzima. Kumbuka hilo utakapofika mbele.

Ya pili ilikuwa Buhemba, kwa Ngolo, aliyekuwa fundi wa mgodini kabla mgodi haujafungwa. Aliitoa chini ya magunia ya mtama. Panya walikuwa wamezalia ndani, tukatoa vitoto vitano vyekundu kwa kijiti, na harufu ya mkojo wao haijatoka hadi leo. Kioo chake ni upana wa kisosi cha chai. Ngolo hakunificha. Alisema, "Hii tulikuwaga tunapimia mota za pampu. Mota ni kitu cha polepole. Kitu cha mbio hii haioni, itakulaza mstari kama umekufa." Bei yake ilikuwa ndama jike mmoja, na ndama ninao kwa rafiki yangu Butiama.

Ya tatu ilikuwa kwa Apolinary, hapo Bunda. Aliachiwa na fundi mgeni aliyekuja kufunga mitambo kiwandani, na barua ya zawadi anayo, nimeisoma. Ni ya zamani, mpini umevunjika, lakini inaona mambo ya kasi kuliko ile ya Ngolo mara elfu. Apolinary alinieleza kwa mfano. Alisema ukikaa Mwigobero utauona mtumbwi unapita, lakini vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi huwezi kuona bawa la kimoja likipiga. Ya Ngolo inaona mtumbwi, hii inaona bawa. Halafu akasema jambo lililonifanya nikunje uso. Alisema vikuza sauti vingine, ukivifungia waya mrefu, huanza kupiga kelele ya juu mno ambayo sikio la mtu halisikii, na kelele hiyo ndiyo inayokula mawe. Yeye alitaka baiskeli yangu.

Nilimwambia nitafikiri. Nikarudi nikamwambia Petronila kwamba baiskeli ni mguu wa mwandishi, siwezi kuitoa, na mashine ya Ngolo inatosha kwa redio ya kijiji. Aprili nikamkabidhi Ngolo ndama. Mei Mseti akaniletea redio, nikaiwasha mbele yake na waya mrefu, na mstari ukalala kwenye kioo umenyooka, safi, kama uzi. Mseti akauangalia muda mrefu. Nikamwambia, unaona, hata mashine inasema. Akaenda nalo neno hilo kijijini, redio akaniachia. Ndiyo maana kamati imepata nguvu ya kumaliza jambo Jumamosi hii, ama kiapo ama shemeji aondolewe mizani moja kwa moja, na msimu wa kununua pamba ndiyo huo umeanza.

Juni 22 nilikuja Bunda kuandika habari za msimu. Sikufika kwenu, na ulinilaumu kwa haki. Pale kiwandani niliwaona vibarua wakipakia marobota kwenye lori, na wa mwisho kwenye mstari alikuwa shemeji Silasi, pamba imemjaa nywele na kope, mwenye umri wa kuwa mjomba wa wote waliokuwa wakimwambia, wewe mzee, kaza. Alinisalimu yeye kwanza. Akauliza hali ya Petronila, akauliza kama lile paa langu limeacha kuvuja. Hakuuliza habari za redio. Kijana mmoja akamtania kwamba leo hamna dansi, naye akacheka kidogo na kuinama chini ya robota.

Niliingia karakana ya Apolinary nikamwachia baiskeli siku ile ile. Mashine nilipanda nayo basi, nimeipakata.

Juzi Jumapili niliipanga kazi. Nilipima waya hatua arobaini, sawa na ule wenu, nikauzungusha kwenye uzio wa minyaa, mwishoni nikafunga spika. Niliwasha redio pasipo waya, mstari ukawa mwembamba. Nikaunganisha waya. Mstari ukavimba ukawa utepe wa kijani unaojaza kioo kizima. Redio ilikuwa kimya, Petronila alikuwa karibu nami na hakusikia kitu, lakini mshale wa kipimo ulipanda na mawe yakaanza kupata joto. Nikaondoa waya, utepe ukatoweka. Nilirudia mara sita, nikaandika saa ya kila mara.

Sasa, dada, nifikie lile ambalo barua hii yote imelizunguka.

Ile transista niliyoiweka Novemba haikuwa yake. Yake haikupatikana mjini wala Mwanza, nikaweka ya aina nyingine, ya mbio zaidi, niliyoikwanyua kwenye redio mbovu. Kwenye karatasi ya kazi niliandika kwamba nimeweka ya aina ile ile. Niliandika hivyo kwa sababu sikutaka fundi mwingine aione na kunicheka. Ndiyo inayopiga kelele hiyo. Shemeji aliposema habari za waya mnamo Januari, moyo wangu ulistuka kidogo, nikautuliza kwa mzaha. Apolinary aliponieleza, nilijua. Yaani nilijua tangu Machi, na kama mashine ya Ngolo niliichagua, niliichagua kwa sababu Ngolo mwenyewe aliniambia haioni. Nilitafuta shahidi kipofu, nikamlipa ndama, nikamsimamisha mbele ya Mseti atoe ushahidi.

Nimeandika kwa miaka kumi na tisa habari za watu wanaoiba saruji, wanaopunja mizani, wanaokwangua namba kwa wembe. Nilikuwa na maneno yangu ya kuwaelezea, na nilijua kuyapanga. Yule bwana wa uvunguni alikwangua namba ya chombo. Mimi nimekwangua jina la mume wako, na nilikunywa mchuzi wa jogoo wao. Sikuombi unisamehe kwa barua. Najichukia, na nimeona nikuandikie nikiwa bado najichukia, kabla sijazoea.

Leo asubuhi, Mseti aliponipa habari za kiapo, nilimwambia yote haya palepale kati ya vikapu vya dagaa. Akaniuliza kama ninajua kwamba nimelamba udongo. Nikasema najua. Akasema, basi mwenzetu, wewe na udongo mtaelewana, mimi nataka redio. Tumekubaliana hivi. Kwa kuwa kijijini hamna umeme wa kuendesha mashine, kamati itakuja karakana ya Apolinary Jumamosi asubuhi kuona kwa macho. Mashine zote mbili zitakuwapo, ya Ngolo na ya Apolinary, ili waone nilivyowadanganya na nilichowadanganyia. Apolinary ameipata transista halisi ya redio yenu kwenye redio mbovu ya kiwandani, ataibadilisha mbele yao. Ile karatasi yangu ya Novemba ninayo, nitaisoma kwa sauti. Baadaye nitasimama kwenye mkutano niseme haya haya kwa wote waliocheka, na Makongoro akipenda anicheke.

Kwako nina ombi moja tu, na ndilo lililonifanya niandike mbio. Mwambie shemeji asiape. Usimwambie kwamba nimemwombea, mwambie tu kwamba hakuna haja tena. Miaka yote hii ndiyo yake imekuwa ndiyo. Nisingependa aivunje siku ileile ambayo "siyo" yangu imegeuka kuwa ndiyo. Kama amekwisha kulala na uamuzi huo, mwamshe.

Wasalimu watoto na majirani wa upande wa mlimani. Petronila anakutumia kilo mbili za dagaa ndani ya mfuko wa Apolinary, uzianike tena, zimepigwa na mvua kidogo. Kesho ni Sabasaba, hakuna ofisi, keshokutwa nina habari moja ya kumalizia. Ijumaa jioni nitafika Bunda na nitalala kwa Apolinary, siyo kwenu, hadi mtakaponiita.

Kamati itakaa karakanani Jumamosi tarehe 10 Julai, saa nne kamili asubuhi. Mkutano wa kijiji ni saa nane mchana.

Ni mimi mdogo wako,
Isidori