Hatubanduki Yavuka Mto

Jumapili, 7 Machi 1999

Nimefagia chupa tena. Kila Jumapili ufagio kwanza, mpira baadaye. Vijana wa haya maghorofa yetu wanakunywa pale uwanjani Jumamosi, wanavunja chupa zao, wanakwenda kulala. Mimi mtu mzima wa miaka arobaini na moja naamka kuwafagilia kama vile niliwazaa.

Lami yenyewe imeinama. Mpira ukidondoka upande wa mapipa ya taka unajiendea mpaka barabarani. Timu ngeni hulalamika. Sisi tumeuzoea mteremko, tunajua kuutegea. Leo wageni wamekuja na makoti ya kufanana na maji ya chupa. Tumewafunga, wamerudi na makoti yao.

Tuko nafasi ya pili, daraja la pili. Tulianza wanawake watano na pete moja niliyoifunga kwa waya kwenye nguzo ya taa. Nani Tottenham nzima alijua mpira wa pete? Jina la timu nililitoa mimi: Hatubanduki. Waingereza wanalitamka vibaya lakini wameanza kulikumbuka.

Nyonga inauma. Kesho shifti ya asubuhi, kuogesha wazee.

Jumapili, 21 Machi

Mvua. Tumecheza hivyo hivyo, tumeshinda.

Furaha leo alikuwa moto. Ndiye mfungaji wetu, Mkongo wa Bukavu, mrefu kama mlango. Anasafisha maofisi mjini alfajiri, ana watoto watatu, na uwanjani hacheki na mtu. Mpira ukimfikia chini ya pete, wewe geuka tu urudi katikati, umeshaingia.

Zuhura amemwambia refa akanunue miwani. Huyu ni msaidizi wangu, nesi, mtoto wa Temeke, na mdomo wake hauna breki. Tumeonywa. Nimemkaripia mbele ya watu inavyopasa. Kwenye basi nimecheka peke yangu.

Baba Neema ameniuliza kama siku hizi nimeolewa na yeye au na pete. Nimemwambia ale, chakula kinapoa.

Jumapili, 25 Aprili

TUMEPANDA. Daraja la kwanza!

Tulikuwa nyuma mpaka robo ya mwisho. Nilikuwa golini, nalinda pete, msichana niliyekuwa namkaba umri wake ungekuwa wa binti yangu, nyonga inawaka moto. Nikasema hapa hapiti mtu. Hakupita. Furaha akafunga sita mfululizo. Kipenga kilipolia nilikaa chini kwenye lami, nikalia kama mtoto mdogo. Vigelegele mpaka watu wakafungua madirisha. Zuhura kambeba refa yule yule, refa mwenyewe hajui achekee wapi.

Hata Neema wangu alikuja kuangalia. Nikamuuliza kwa Kiswahili ameonaje, akanijibu kwa Kiingereza kwamba haikuwa mbaya. Kutoka kwake hiyo ni sifa.

Sitaki chochote kingine mwaka huu. Hii timu ndiyo kitu pekee London nilichokianzisha mimi, kwa mikono yangu.

Jumatatu, 26 Aprili

Siwezi kupanda ngazi. Lakini furaha bado ipo.

Alhamisi, 13 Mei

Katibu wa ligi amepiga simu. Mama mpole, ametupongeza vizuri. Halafu akatoa la pili. Daraja la kwanza hawachezi nje. Lazima ukumbi wa ndani, sakafu ya mbao, saa za jioni siku ya Jumanne. Na mpaka Septemba niwe na ukumbi na wachezaji saba wa uhakika, la sivyo nafasi yetu anapewa mwingine na sisi tunaanzia chini kabisa.

Sikulala mchana. Nilijilaza tu nikiangalia dari.

Chini kabisa! Watutoe kwanza roho.

Jumamosi, 29 Mei

Leo mimi na Zuhura tumemaliza kumbi zote za hapa kwetu. Ukumbi wa kaunsili umejaa mpaka mwakani. Wa shule moja una taa lakini hauna choo. Wa kanisa fulani dari lake ni la chini, Furaha akiruka anaacha kichwa juu. Meneja mmoja alinisikiliza huku anakula tufaha. Nilitamani kumnyang'anya.

Zuhura kavua viatu pale kituo cha basi, akasema tukacheze Edgware Road, kwenye baa za shisha, kuna nafasi baina ya meza. Hakuna aliyecheka, na tulikuwa wawili tu.

Jumatano, 16 Juni

Ukumbi umepatikana. Uko Woolwich.

Woolwich! Ng'ambo ya mto, upande mwingine kabisa wa mji. Treni ya chini ya ardhi, kisha treni nyingine, kisha miguu.

Mwenye kutupatia ni Mama Atieno, Mkenya, ana saluni pale karibu na soko. Aliwahi kucheza kwao Kisumu. Anasimamia ukumbi wa jumuiya, Jumanne jioni hakuna anayeutumia. Nimeenda kuuona. Mbao zinang'aa. Pete mbili, za kweli, zimenyooka. Nimepiga mpira chini mara moja tu, mlio wake ukanipanda mpaka kifuani. Hapana kufagia chupa hapa.

Mama Atieno hajaficha lake. Anataka dada wawili wa pale Woolwich waingie kwenye timu. Nimewaona wakikimbia, wana pumzi. Nimekubali.

Hatubanduki, kumbe tunabanduliwa. Sawa. Bora kubanduka kuliko kufa. Tutahama.

Jumapili, 27 Juni

Kikao nyumbani kwangu. Sala, agenda, mengineyo, chai na maandazi. Nimeeleza yote. Safari, mbao, Septemba, hatari ya kushushwa. Nimezungumza kama mbunge. Nikazunguka mmoja mmoja. Sawa, mama. Haina neno, mama. Furaha naye kainamisha kichwa, sawa mama. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyeuliza swali hata moja. Tumemaliza mapema, wakaosha vikombe wenyewe.

Nimefurahi mno. Nilidhani patachimbika.

Jumanne, 13 Julai

Mazoezi ya kwanza Woolwich. Wamekuja dada wawili wa Mama Atieno. Amekuja Zuhura. Basi!

Nimesimama kwenye ule ukumbi unaong'aa na begi la jezi, naangalia mlango kama mwehu. Mama Atieno ameniletea soda. Aibu nimeipata ya mwaka mzima.

Nimekasirika mpaka njia ya nyumbani siikumbuki. Mlisema sawa! Kwenye sebule yangu, mnakula maandazi yangu!

Jumatano, 14 Julai

Mke wa mchungaji wa kanisa la Furaha amekuja kunisalimia. Amekaa, kaulizia wazee wa kazini, kaulizia Neema, kasifia mapazia. Chai ya pili ndipo akasema, Furaha anakuheshimu sana, mama. Basi nikajua. Ametumwa kuniletea hapana.

Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo hivyo, mjini Korogwe. Mkubwa hakataliwi usoni. Unaitikia, unaosha vikombe, halafu unatafuta mtu wa kati aende akaseme. Na mimi nikakaa kwenye kikao nahesabu vichwa kama Mzungu. Ule ukimya ulipaswa kunishtua. Mtu anayekusudia kwenda Woolwich angeuliza nauli, angeuliza kituo.

Wanawake hawa si wa kwao peke yao. Kila mmoja ana mume, watoto, shifti. Jumanne jioni nzima naiomba kwenye nyumba ya watu, na sikubisha hodi. Nimewaita kwangu kama nawapa kazi.

Haya. Kama ni mtu wa kati, na mimi ninaye. Kama ni kuomba, tutaomba kama watu wanavyoomba. Tunakwenda kuposa.

Alhamisi, 15 Julai

Nimemwambia Baba Neema kwamba yeye ndiye mshenga. Amenitazama, akadhani ni homa. Nimemwambia achague, aende kuposa au ajipikie mpaka Krismasi.

Kapiga pasi suti.

Jumamosi, 24 Julai

Tumekwenda kwa Furaha. Mimi, Baba Neema ndani ya suti ya harusi isiyofungika kifungo, Zuhura na buibui lake jipya. Sukari, majani ya chai, kreti la soda, kitenge cha Furaha. Mume wake, Baba Daudi, ni mtu mkimya, analinda maghala usiku. Alipotuona na kreti mlangoni alikwenda kumwita kaka yake wa ghorofa ya juu.

Baba Neema, maskini, kafanya kazi yake. Kakohoa. Kasema tumepita hapa, tumeona ua zuri ndani ya uzio wenu, tumekuja kuuliza kama mlango upo. Furaha akakimbilia jikoni, namsikia anacheka kwenye taulo. Kaka mtu kakaza uso. Baba Daudi kaangalia sukari, kaangalia suti.

"Mimi nilitoa ngombe juu ya huyu mwanamuke," akasema. "Sasa munakuya kumuomba na sukari?"

Tukacheka wote, soda zikamwagika. Na baada ya kucheka ndipo tukazungumza kweli. Hana ubaya na mpira. Mkewe anakwenda wapi, watoto wanabaki na nani, hayo ndiyo yake. Jumanne yeye mwenyewe anaondoka kwenda lindo jioni mapema. Katoto kao kadogo kana pumu. Mtu asiyemjua hatamwachia. Akanigeukia mimi, si mshenga.

"Kwako tu, mama. Wakiwa kwako, miye nitalala usingizi hata kazini."

Nikasema tutazungumza.

Jumapili, 25 Julai

Leo tumezunguka nyumba tatu nyingine. Baba Neema sasa amenogewa, ameongeza na mashairi. Wamecheka, wametukaribisha, wametoa karanga. Na kila nyumba wamefika pale pale. Watoto. Kila nyumba tayari wamesikia habari za kwa Baba Daudi, sijui zimepita wapi. Wakiwa kwako, mama.

Nimetafuta njia nyingine. Baba Neema Jumanne anaendesha teksi. Neema ni mtoto, siwezi kumwachia watoto wa watu, mmoja ana pumu. Kuwabeba wote Woolwich na kuwarudisha, na kesho yake shule, haiwezekani. Zuhura hana mume wala mtoto, lakini akikaa yeye basi nani atasimama pembeni awafundishe?

Akikaa yeye, nafundisha mimi. Nikikaa mimi, anafundisha yeye. Nimeigeuza kila upande. Watoto ni wa watu walioniamini mimi, si Zuhura.

Kuna pembe moja ya moyo inasema iache ife. Ife Tottenham, kwenye lami yako, na wewe ndani yake. Nimeisikia vizuri sana. Nimeiambia inyamaze.

Jumatatu, 26 Julai

Nimempa Zuhura filimbi na begi la jezi. Alinipinga nusu saa nzima, kwa kelele, jirani akagonga ukuta. Halafu akalia. Nimemwambia akilia ataharibu filimbi.

Golini atakaa dada mkubwa wa Woolwich. Ana mikono mirefu kuliko yangu na nyonga zake hazijui mvua.

Nimekwenda kumwambia Furaha mwenyewe, bila mtu wa kati. Alishika mikono yangu akasema, "Mama, na weye?" Nimemwambia mimi nabaki na batoto. Hakucheka nilivyoiga Kikongo chake.

Jumanne, 7 Septemba

Wameondoka saa kumi. Nimewasindikiza mpaka kituo cha treni na msafara wa watoto nyuma yangu, saba. Wachezaji wote wamekuja. Wote! Saba wa uhakika, na akiba juu. Furaha kapita kwenye geti, kageuka, kapunga mkono mrefu ule.

Watoto wamekula ugali. Wa Baba Daudi dawa kapata kwa wakati, kifua shwari. Wawili wamepigana juu ya rimoti. Wanapigana kwa Kiingereza, nawatenganisha kwa Kiswahili, tunaelewana.

Nimetazama saa mara nyingi mno. Nimejikataza.

Jumatano, 6 Oktoba

Asubuhi, kabla ya shifti.

Jana ilikuwa mechi ya kwanza ya ligi. Tumeshinda kwa mabao mawili. Walikuja kuchukua watoto wakiwa bado na jasho, wote wanaongea kwa pamoja, nikawapakulia wamesimama. Wakawa wanasema juu ya ile ya kisigino. Ile ya kisigino ndiyo iliyowamaliza. Mimi nikauliza, ya kisigino ni ipi?

Zuhura akasema ni kitu wamebuni kule, mazoezini. Furaha akigusa kisigino, wenzake wanaoujua mchezo wanahama na walinzi wao, yeye anabaki peke yake chini ya pete. Wakanionyesha pale pale sebuleni, mto wa kochi ndio mpira, meza wakaisukuma. Dada mkubwa wa Woolwich, aliyefuatana nao mpaka kwangu, kasimama mahali pangu.

Ni nzuri. Nimeikagua kila upande kutafuta kasoro, haina. Mimi nisingeibuni.

Walipoondoka nilifungua bomba jikoni nikalia, dakika chache tu. Kisha nikaosha sufuria.

Jumanne nitapika wali. Yule mtoto mdogo wa Furaha ugali hamalizi.