Joto la Pande Mbili za Draya

Baba mkwe wangu, shikamoo.

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia. Mjukuu wako Bhoke anatembea sasa. Anaanguka, anacheka, anaamka. Ulimwacha akitambaa kwenye boksi la spana zako.

Baba, nimetengeneza tangi la kupozea maziwa la akina mama wa Turwa. Mimi, peke yangu.

Mashine ilikuwa inaunguruma kutwa na maziwa hayapoi. Mama, mke wako, alishaniambia kwa upole kwamba hili likinishinda, vyombo vyako vya ufundi atavichukua fundi wa Sirari, maana vinaota kutu tu. Nilienda na Bhoke mgongoni. Mama Ghati, yule anayepokea maziwa, akaniangalia akasema, "Tumeomba fundi, tumeletewa yaya." Wakacheka. Nami nikacheka, nifanyeje. Wote wakasema gesi imeisha, niongeze. Na mimi nilishashika mtungi, Baba. Ndipo nikakusikia: "Acha gesi. Shika bomba kwanza."

Nikakumbuka ulivyonifundisha. Kwetu Wakurya mke hapeani mkono na baba wa mumewe, wala hamsogelei. Kwa hiyo ulikuwa unaweka kiganja chako kwenye bomba, unakitoa, unarudi nyuma, ndipo mimi naweka changu palepale. Watu walituona kama wendawazimu wawili.

Basi nikaishika draya, kile kichujio cha chuma kinachonasa maji na uchafu gesi ikipita. Upande wa kuingilia ulikuwa na joto, kama paji la uso la Bhoke akiwa na homa. Upande wa kutokea, baridi, unatoka jasho. Na kitu chenyewe urefu wake ni kama gunzi la mahindi tu. Mwili ulinisisimka. Ulisema pande zote zinatakiwa ziwe na joto moja, zikiachana sana ujue ndani pameziba. Mtu haoni ndani ya chuma, Baba, lakini kiganja kinaona. Mpaka leo nakiangalia kiganja changu nashangaa.

Nikaihamishia gesi mtungini, nikaweka draya mpya, nikavuta hewa yote, nikarudisha gesi. Mashine ilipokolea nikashika tena, huku na huku. Joto moja. Nikashindwa kuachia. Palikuwa na uvuguvugu kama mahali ulipotoka kuweka mkono wako sasa hivi. Mama Ghati akauliza, "Unasali au unatengeneza?"

Jioni maziwa yalikuwa baridi. Vyombo vyako vimebaki nyumbani, Mama mwenyewe amevipaka grisi.

Pumzika, Baba. Sikuwahi kukushika mkono, hata siku ya kukuaga nilisimama mbali. Lakini Bhoke akikua nitamfundisha, nakuahidi. Yeye mkono wake nitaushika, niuweke mwenyewe kwenye bomba.

Mkweo,
Mama Bhoke