Mama juu ya ubao

Shoga, mbona hupokei simu? Haya, naandika.

Mume wangu kamzungusha mama. KAMZUNGUSHA! Mama yangu, ambaye mwaka wa sita huu anamwita "huyo bwana wako"!

Si unakijua kile kidude cha mkono alichonunua cha kutolea tairi kwenye rimu, ili asiende tena kwa fundi? Kinatakiwa kifungwe kwa bolti kwenye zege. Yeye kaionea huruma sakafu ya baraza, kakifunga kwenye ubao. Kila akisukuma kile chuma kirefu, ubao unamfuata.

"Hapa panataka uzito," kasema. Katutazama, mimi na mama aliyekuja kututembelea. Mimi kanipita. Macho yakatua kwa mama.

"Mama, samahani, simama hapa kidogo tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama kapanda, mkoba kwapani. Bwana kauma meno, kasukuma.

Tairi tuli. Aliyekwenda ni mama! Kazunguka na ubao mpaka akatazamana na ukuta.

Jirani aliyekuwa anaanika nguo kaganda na shuka mkononi.

Mama kashuka, kaingia ndani. Bwana kaninong'oneza kama mgonjwa: "Anafunga begi."

Mama katoka. Kavaa raba zangu za mazoezi! Kapanda tena ubaoni, kakumbatia nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Mara ya kwanza sikuwa na pa kushika. Sukuma, mwanangu."

MWANANGU, shoga!

Sasa wako tairi la tatu. Mimi natumwa maji ya sabuni ya kulainishia tairi.