Hedi ya Mwalimu Verdiana

Jumatatu, 3 Novemba

Asubuhi nilikuwa chini ya pikapu ya maziwa, nabadilisha breki. Nikaona magurudumu madogo yanaingia uwanjani yakivutwa kwa kamba. Sikuhitaji kutoka kuangalia. Gari la Mwalimu Verdiana.

Moshi mweupe nyuma. Kifuniko cha oili nikakifungua: rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, imeungua. Gasketi niliyoifunga mimi wiki tano zilizopita, kwa mikono yangu hii.

Mwalimu alisimama pembeni na mkoba wake. Amefundisha shule ya Kanazi mpaka akastaafu, na hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana. Alisema tu kwamba ikishindikana mara hii ataliuza kama chuma chakavu. Mume wake, Ta Thadeo, alipata kiharusi mwaka juzi. Bila gari hilo kliniki ya mjini haifikiki.

Hapo ndipo akapita Fundi Deus. Deus alijifunzia kazi kwa Baba, sasa ana gereji kubwa barabarani. Gasketi ya kwanza ya gari hili aliifunga yeye, mwezi wa sita, nayo iliungua. La kwake amelisahau. Akawaambia wateja wangu kwamba hedi ni kazi ya wanaume, mimi, Mama Koku, ningebaki kwenye pancha.

Hasira zikanipanda. Nikasema mbele ya watu wote: "Nafunga hedi hii mara moja tu. Ikiungua tena, njoo uchukue sanduku la spana la Baba."

Deus akacheka. Akasema mahali pa kuliweka anapo.

Sanduku la Baba. Kitu pekee alichoniachia kwa jina langu, kaka zangu wakinuna. Mjinga mimi. Ulimi hauna mfupa.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefungua. Imeungua kati ya silinda ya kwanza na ya pili. Nikaweka rula ya chuma juu ya hedi, nikamulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukapita katikati. Hedi imepinda.

Wiki tano zilizopita sikuipima. Niseme ukweli humu, hakuna anayesoma. Niliipangusa, nikaitazama, nikaona iko sawa. Kwa jicho!

Tena bolti. Nimepanga za zamani mezani kando ya mpya moja niliyoazima dukani. Za zamani zimerefuka. Bolti za injini hizi huvutika zikikazwa, na zikishatumika mara moja basi, hazirudishwi. Mimi nilizirudisha. Na nilizikaza kwa bomba la Baba, kipande cha bomba la maji alichokuwa akikichomeka kwenye mpini wa spana kuongeza nguvu. Alikuwa anakaza huku amefumba macho. Mkono ndio uliomwambia inatosha.

Lakini Baba alifunga malori ya kahawa. Yale yalikuwa chuma kitupu, yalivumilia. Hii ni alumini, silinda tatu, injini ya kubeba kwapani, halafu ina turbo inayoipulizia hewa ili ifanye kazi ya injini kubwa. Joto lake si la mchezo. Ukikosea kidogo, haisamehe.

Nina aibu mpaka masikioni.

Jumatano, 5 Novemba

Hedi imeondoka na basi la asubuhi kwenda Mwanza, kusawazishwa kwa mashine. Nimeagiza gasketi, bolti mpya zote, na spana ya kipimo, ile inayolia "tik" ukifikia nguvu inayotakiwa. Nimeitamani miaka. Nilikuwa najiambia Baba hakuihitaji.

Kila anayepita ana dawa yake. Gasketi feki, wanasema. Siku hizi kila kitu feki. Mimi nasema mchagua jembe si mkulima. Deus alinunua yake duka hili, mimi nikanunua yangu duka lile, zote zimeungua palepale. Gasketi haiungui kwa kupenda kwake. Kuna kitu kinaichemsha injini hii kwanza. Feni inazunguka. Pampu inasukuma. Rejeta haivuji. Sasa nini?

Koku, binti yangu, anasema nimeongea peke yangu wakati wa chakula. Inawezekana.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Senene, panzi wetu wa msimu, wameshuka mtaani Nshambya, wateja wote wako kwenye majani wanawakamata. Nimekaanga sahani moja. Watamu. Kuhusu gari, sijafika popote.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata. Nimepata, nimepata.

Nimeng'oa rejeta nzima. Gari hili lina mbili zinazofuatana: ya mbele ni ya kile kipoza hewa cha ndani, ya nyuma ndiyo ya injini. Ukisimama mbele unaona ile ya kwanza tu, safi, imeoshwa. Deus aliiona hiyo. Mimi pia niliiona hiyo. Kati yake na ya pili kuna nafasi ya kidole, na mle ndani palijaa kitu cha kahawia, kimeshikana kama pamba ya godoro kuukuu. Nikakivuta. Mabawa. Miguu. Senene wa msimu huu juu ya senene wa mwaka jana. Hewa ya kupoza injini ingepita wapi?

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kisha nikaacha kucheka. Magari yote ya Bukoba yanapita kwenye senene, na hakuna lililoziba hivi. Nikachungulia kona ya bampa. Kipande cha chandarua cha bluu, kimechanika, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. Fundo zuri, la mtu mwenye subira. Upepo haufungi fundo.

Jumamosi, 8 Novemba

Kanazi. Mwalimu akanikaribisha kwa mwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo cha wageni. Ta Thadeo kwenye kiti chake dirishani. Nilitafuna punje mbili, nikaulizia kibanja, nikasifu migomba. Halafu nikaweka kile kipande cha chandarua mezani.

Mwalimu alikichukua, akakinyoosha kwa vidole.

"Hilo ni kosa langu, mwanangu," akasema.

Zamani huku kwetu mke alikuwa akikamata senene alfajiri, anampelekea mume, na mume anamnunulia mke nguo mpya. Wawili hawa hawajaacha msimu hata mmoja tangu waoane. Sasa magoti ya Mwalimu hayakimbii tena kwenye majani, na Ta Thadeo, ambaye tangu kiharusi hasemi sana, mwezi wa kumi na moja ukifika anauliza neno moja tu. Senene. Basi mwaka jana, aliponunua gari, Mwalimu alikata chandarua, akakifunga mbele kuanzia taa hadi taa, na kulipoanza kupambazuka akaendesha taratibu kwenye njia za majani marefu. Kikajaa, na waliopenya kwenye tundu wakaingia mpaka kati ya rejeta. Akakifungua kabla watu hawajaamka vizuri, na mwaka huu, senene wa kwanza walipoonekana, akarudia. Mwalimu Verdiana, aliyekuwa akituchapa tukichelewa shule kwa ajili ya senene! Angeonekana, angesema nini?

Kwa hiyo akanyamaza. Mafundi wawili tumeungua naye, na yeye kanyamaza.

Nilikwenda nikiwa na hasira. Nilikuwa nimeipanga hotuba njiani. Ikaniishia yote. Nilichosema ni hiki: "Mwalimu, umeliziba gari pua, halafu ukalipandisha mlima."

Akacheka mpaka akavua miwani. Ta Thadeo naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na nadhani alikuwa anajua siku zote.

Nikamhoji kama daktari. Rejeta anaijaza nini? Maji ya mtoni. Marufuku, nikamwambia. Maji yale yanatia kutu ndani, ni kulanti tu, maji ya dawa ya dukani, kuanzia sasa. Na akimaliza kupanda mlima? Anazima hapohapo, kuokoa petroli. Marufuku pia. Turbo inakuwa bado moto kama jiko. Aiache injini iungurume dakika mbili, ipoe, ndipo azime. Akaandika kwenye daftari, kwa mwandiko wa ubaoni.

Jumatano, 12 Novemba

Hedi imerudi jana, pamoja na vipuri na spana. Rula, tochi: giza tupu, hata uzi wa mwanga haupiti. Uso wa bloku, pale hedi inapokalia, nao nimeupima. Safari hii nimepima kila kitu, hata visivyopimwa.

Leo nimefunga. Mlango nimeufunga, simu nimezima. Bolti mpya, kuanzia katikati kwenda nje, awamu ya kwanza, ya pili, halafu kuzungusha robo kama kitabu kinavyosema. Tik. Tik. Tik. Mkono uliniwasha kuongeza kidogo, kama Baba. Sikuongeza.

Rejeta zote mbili nimeziosha kwa mswaki. Injini imewaka mara moja. Imetulia. Siamini bado. Kesho nalijaribu gari kwenye vilima vya kwenda Muleba.

Alhamisi, 13 Novemba

Nilimpigia Deus simu mwenyewe. Kama anataka sanduku, aje alifuate kihalali, ndani ya gari. Akaja. Mzito yule, gari lilishuka upande wake. Mwalimu mbele pembeni yangu, Ta Thadeo nyuma na Deus, buti limejaa mikungu ya ndizi. Nilitaka mzigo. Simu yangu nimeiunganisha na gari, inasoma joto la injini.

Tambarare, tisini. Vizuri. Vilima vikaanza. Tisini na tatu. Tisini na sita. Mlima mrefu kuliko yote, turbo inapiga mluzi, tisini na tisa. Mia moja. Kisha harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Nikaliona sanduku la Baba likipakiwa kwenye gari la Deus.

Zilikuwa breki za lori lililokuwa likishuka mbele yetu.

Feni ikashika. Tisini na saba. Tisini na nne. Tukafika juu na joto limelala mahali pake kama paka.

Muleba nikaegesha, nikaacha injini iungurume dakika mbili. Mwalimu alikuwa akihesabu kwa saa yake. Nikazima, nikafungua kifuniko cha oili. Safi. Rangi ya asali. Deus akaingiza kidole, akakinusa, akakipangusa kwenye suruali yake nzuri. Kisha, mbele ya Mwalimu, mbele ya wauza ndizi, akanigeukia.

"Mama Koku," akasema, "siku moja nionyeshe hiyo spana."

Nimeshinda! Nilirudi Bukoba nikiimba mpaka Mwalimu akaniomba nipunguze. Sikupunguza.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya misa Mwalimu alikuja mwenyewe. Akaegesha, akasubiri dakika zake mbili, akazima. Juu ya paa kuna fremu niliyomchomelea jana. Chandarua sasa kinafungwa huko, mbele pako wazi.

Amevaa kitenge kipya, cha kijani. Hakusema kimetoka wapi, nami sikuuliza. Ameniletea senene kwenye bakuli la kifuniko, bado wa moto.

Gereji imefungwa leo, lakini niliingia. Spana ya kipimo haikuenea kwenye sanduku, bomba la Baba lilikuwa limeshika nafasi yote ndefu. Siku zote hizi nimeilaza juu ya meza, imeviringishwa kanga. Nikalitoa bomba. Nikalipaka oili, nikalitundika ukutani juu ya mlango, ninapoliona kila ninapoingia.

Nikaweka spana mahali pake. Kifuniko kikafunga.

Nikasema "kasinge, Tata," asante Baba, kama tunavyowashukuru wazee. Kisha nikala senene, nimekaa juu ya sanduku.