Mapipa Mawili ya Stoo

Manyatta, Embu
Jumapili, 9 Machi 1986

Dada yangu Zuena,

Assalamu alaikum. Mimi mzima wa mwili, ila naandika kwa haraka, kwa hiyo vumilia mwandiko. Miguu ya mama inaendeleaje? Mwambie sijaacha kuvaa sweta.

Barua hii nimempa Bwana Suleiman, dereva wa basi la Meru, akuletee mkononi. Usimsomee mama.

Jana mchana Nyaga, mkulima anayenipangisha chumba, alianguka akipulizia kahawa yake dawa. Nilimkuta chini ya mibuni. Mate na machozi yalimtiririka, amejikojolea, kifua kinakoroma kama chungu kinachochemka. Kisha mwili ukaanza kurushwa, mikono na miguu. Majirani walikuja wakasimama mbali. "Kifafa hicho," mmoja akasema. "Usimguse, karani! Akikupumulia na wewe utakipata." Tulimvua koti lililolowa, tukampeleka hospitalini kwa pikapu ya chama, mimi na mke wake Marigu peke yetu.

Kwa kuwa mimi ndiye karani wa stoo ya chama cha kahawa, daktari aliniuliza Nyaga alikuwa anapulizia nini. Nikajibu, mafuta. Ndivyo kitabu changu kinavyosema: Nyaga, mafuta meupe, chupa moja. Hayo huwaziba wadudu pumzi, na mtu hayamdhuru.

Lakini dada, sina hakika. Tuna mapipa mawili, la mafuta na la dawa kali ya wadudu. Karatasi zake za majina zilibanduka kwa mvua zamani. Mkulima mdogo hawezi kununua mkebe mzima, hivyo kila mmoja huja na chupa yake, ya soda au ya mafuta ya kupikia, nami humiminia. Hairuhusiwi, ila Mzee Runji, mwenyekiti, ndiye aliyeniagiza. Ijumaa foleni ilikuwa ndefu, wananihimiza kwa Kiembu ambacho nakisikia nusu, nikamimina. Kutoka pipa gani? Nikifumba macho nauona mkono wangu kwenye hili, halafu nauona kwenye lile.

Daktari amemdunga dawa ya kifafa. Ametulia kidogo, lakini kifua bado kinakoroma. Nikisema sijui, nitafungwa?

Mdogo wako,
Rashid

*

Majengo, Meru
Jumapili hiyohiyo, saa nane mchana

Rashid mdogo wangu,

Wa alaikumu salaam. Mama hajambo, amekunywa uji wote. Suleiman anageuza basi sasa hivi, kwa hiyo nafupisha.

Mboni za macho yake zikoje? Kama zimesinyaa zikawa ndogo kama kichwa cha pini, hicho si kifafa wala hayo si mafuta. Miaka sita wodini nimewauguza wapulizia kahawa, mgonjwa huyo namjua. Dawa ya wadudu huinyima mishipa ya fahamu kunyamaza. Mate, jasho, misuli, kila kitu kinaambiwa fanya kazi, fanya kazi, mpaka mtu azame katika maji ya kifua chake mwenyewe. Dawa waliyompa hutuliza mtikisiko, na aendelee kuipata, lakini haikaushi kifua. Anahitaji atropini, tena na tena, mpaka kifua kikauke. Kiasi hicho hapewi mtu aliyepulizia mafuta. Kwa hiyo jibu lako ndilo linalomzuilia dawa.

Nenda leo. Sema ulivyo ukweli: mapipa mawili, sijui lipi. Kama alinuka kama kitunguu saumu, sema. Aoshwe kwa sabuni na maji mengi, hadi nywele na kucha.

Ulipovunja taa ya madrasa ulijificha siku mbili chini ya kitanda changu. Safari hii sina kitanda huko Embu.

Dada yako,
Zuena

*

Manyatta
Jumatano, 12 Machi 1986

Dada Zuena,

Salamu kwako na kwa mama. Sijui kama mimi ni mzima.

Jumapili nilipita mlango wa hospitali mara mbili ndipo nikaingia. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Kumbe!" akamfunua Nyaga jicho, akamwita muuguzi. Wakamwosha. Wakamdunga atropini, wakasikiliza kifua, wakamdunga tena. Nilihesabu hadi kumi na moja nikaacha. Kifua kikakauka, mtikisiko ukakoma. Halafu Nyaga akaanza kuokota vitu hewani na kuniita Padri. Nikaogopa, lakini daktari akasema hiyo ni atropini yenyewe, imezidi kidogo, itapungua.

Jana aliketi kitandani akaomba uji. Marigu akacheka kwa mara ya kwanza. Blanketi la wodi ni jepesi, na baridi ya huku unaijua, basi mimi mwenyewe nikaenda shambani nikamletea lile koti lake zito. Lilikuwa limekwisha kukauka juani. Akajifunika nalo akanishukuru.

Leo asubuhi amerudi palepale: mate, kukoroma, kurushwa. Daktari haelewi. Marigu anaulizwa na askari amemlisha nini. Nilisema kweli, dada. Mbona imekuwa hivi?

Mdogo wako,
Rashid

*

Majengo
Jumatano, 12 Machi 1986

Rashid,

Mvue koti. Usimalize kusoma. Kamvue, kisha rudi usome.

Umerudi? Kukauka si kuisha. Dawa hiyo hukaa ndani ya nyuzi, na jasho la mgonjwa huiamsha ikaingia kwenye ngozi. Ulipomfunika ulimpulizia upya. Mwambie daktari hivyo hivyo, waanze atropini tena, aoshwe tena. Wewe uliyelibeba, oga, badili shati. Msilichome koti hilo, moshi wake ni mbaya. Lizikeni mbali na mto. Na umwambie askari ni wewe uliyelileta, amwache Marigu na uji wake.

Kulia utalia baadaye. Nitakusaidia.

Dada yako

*

Majengo, Meru
Jumapili, 30 Machi 1986

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama anauliza kwa nini nachungulia kila basi linapofika. Suleiman amerudi mikono mitupu mara sita. Anasema alikuona sokoni ukageuza uso.

Nyaga yu hai? Siombi habari njema. Naomba habari.

Dada yako,
Zuena

*

Manyatta, Embu
Jumapili, 20 Aprili 1986

Dada yangu Zuena,

Nisamehe, na unisalimie mama. Nyaga yu hai. Walimdunga siku nne zaidi. Sasa anatembea, ila vidole vina ganzi, na wiki ile yote haikumbuki.

Kilichonifunga mdomo ni hiki. Watu wanaendelea kusema ana kifafa. Chai ya baada ya kanisa anamiminiwa kwenye kopo lake peke yake. Shemeji zake wametuma ujumbe Marigu arudi kwao na watoto. Na Mzee Runji, anayejua yote, ameniambia, "Kijana, wewe ni wa kuandika. Mambo ya mdomo tuachie sisi wazee. Kifafa hakina kesi. Stoo ina kesi."

Nikanyamaza. Nyaga mwenyewe akaniuliza mlangoni kwangu, "Karani, wewe ulikuwa pale. Ni kifafa?" Nikamjibu, "Daktari ndiye anajua." Siku hiyo ndiyo Suleiman aliniona sokoni.

Jana kulikuwa na mkutano wa wanachama kwenye kiwanda cha kahawa. Nilisimama, mwalimu mmoja akinitafsiria. Nikasema, "Nyaga hana kifafa. Alipatwa na sumu ya wadudu niliyommiminia mimi, nikaandika mafuta."

"Keti chini, mtoto wa Majengo!" akasema Mzee Runji.

Sikuketi.

Kisha bibi mmoja akaondoka, nikadhani amekasirika. Akarudi na chupa ya soda iliyojaa nusu. "Na hii yangu, karani? Ya pipa gani? Nimeiweka jikoni."

Niliiinua kwenye mwanga. Niliinusa. Stoo ile imeniua pua, sikusikia kitu. Nikasema, "Sijui, mama."

Wakaanza kwenda makwao mmoja mmoja. Kufikia saa kumi kulikuwa na chupa thelathini na nane kwenye nyasi, na kila mwenye chupa alikuja akaniuliza swali lile lile, kana kwamba kwake nitakuwa na jibu jingine. Mzee Runji alikuwa amekwisha kuninyang'anya ufunguo wa stoo, lakini watu walikataa niondoke kabla sijaziandika. Basi nilichana karatasi za kitabu nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, moja baada ya nyingine: SIJUI. USIGUSE. Marigu akazifunga kwa uzi, maana vidole vya mumewe haviwezi.

Nyaga alichukua karatasi moja, akaishika mbali na macho, akaisoma polepole.

"Neno dogo hivi," akasema. "Ungeniambia Ijumaa ile, karani, ningerudi nyumbani na chupa tupu."

Mdogo wako,
Rashid